Uzi: Shule za "international" zilitoka wapi, na kwa nini Tabora na Kigoma zilipitwa?

Mwana Unyanyembe (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Huu uzi nimeubeba kichwani tangu Januari, leo umeme upo na watoto wamelala, acha niushushe.

Dada yangu anakaa Ipuli. Siku moja alinipigia saa nne usiku, jambo ambalo hafanyi kama hakuna msiba, akaniuliza: "Kaka, hivi international maana yake nini hasa?" Alikuwa amempeleka mwanawe shule moja hapa mjini, jina nalihifadhi, yenye bango ambalo neno International limeandikwa kubwa kuliko jina la shule. Awamu ya kwanza ya ada ameshalipa. Sasa mtoto karudi na vitabu, dada kuvifungua, anakuta ni vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Halafu kukaja karatasi ya kuwaandaa wazazi kwa mtihani wa taifa wa darasa la nne. Yaani NECTA hiihii, Baraza la Mitihani la Taifa. Akasema, "Mbona hii ni shule ya hapahapa ila inaongea Kiingereza?"

Nilimjibu kijuujuu ili nilale. Lakini swali halikulala. Nimefuatilia, nimewauliza wazee, na hiki ndicho nilichopata. Ni kirefu, anayetaka muhtasari aende jukwaa la michezo.

Nianze na babu, maana bila yeye nisingeelewa. Babu yetu alisoma Tabora School, ile tunayoiita Tabora Boys, miaka ya 1950. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake, katikati ya hati ya shamba na picha za harusi, kulikuwa na cheti alichokifunga kwa nailoni. Alikuwa akikitaja kwa neno moja: "Kembriji yangu." Sisi wajukuu tulidhani alienda Uingereza. Kumbe hakuwahi kuvuka Dodoma. Alikaa kwenye dawati hapahapa Tabora, akafanya mtihani wa darasa la kumi na mbili uliotungwa Cambridge, karatasi zikafungwa kwenye bahasha, zikapanda treni hadi Dar es Salaam, zikapanda meli, zikasahihishwa na mtu asiyejua mwembe wa Tabora unafananaje. Matokeo yakarudi baada ya miezi.

Sasa fungua vipeperushi vya shule za kimataifa za leo. Wanajinadi kwa nini? Cambridge. IGCSE. Mitihani inayosahihishwa nje. Kitu kilekile kilichokuwa kwenye sanduku la babu.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kupeleka mitihani nje ya Uingereza miaka ya 1860, huko Trinidad. Toka hapo ikafuata bendera. Palipokuwa na mtawala wa Kiingereza, mtihani wake ulifika. Kwetu ulidumu hata baada ya Uhuru, mpaka nchi za Afrika Mashariki zilipounda baraza lao la mitihani, kisha Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuanzisha NECTA mwaka 1973. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha wazee ambao kwa tafsiri ya bango la Ipuli walisoma "international" bila kujijua, na serikali ndiyo iliyoiendesha.

Naendelea chini, nakunywa maji kwanza.

---

Bando Kidogo

Mkuu muhtasari tafadhali, nipo kwenye MB 20 za mwisho.

---

Mwalimu wa Chaki

Mwana Unyanyembe, umeanza vizuri ila usimpambe sana babu. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, mitatu kati yake hapo Tabora. Shule ile Waingereza waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Walitaka watawala wa kati, watu wa kukusanya kodi na kuandika taarifa kwa Kiingereza safi. Ndiyo sababu wenyewe waliifananisha na Eton, shule ya watoto wa vigogo kule Uingereza. Mwalimu Nyerere aliingia pale mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na usisahau baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Baadaye milango ilipanuka. Rashidi Kawawa alisoma pale na baba yake hakuwa mtemi. Lakini nchi nzima ilikuwa na viti vya kuhesabika, na aliyekosa kiti alirudi kuchunga.

Kwa hiyo ukisema "serikali iliiendesha", weka na hesabu ya walioachwa nje.

---

Mwana Unyanyembe

Shikamoo Mwalimu. Hapo umenisahihisha na nakubali. Babu mwenyewe alikuwa akisema darasa lao la shule ya msingi kijijini walipita wawili tu, na yule mwingine akafa kwa ndui kabla hajapanda treni.

Haya, sehemu ya pili. Kabla ya Uhuru shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi. Za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na huhitaji kuwa mhasibu kujua mgawo ulikuwaje. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule za bweni sehemu zenye baridi. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934. Halafu kuna hii ya Kongwa ambayo inatuhusu sisi wa Tabora kuliko tunavyojua.

Mnakumbuka ule mradi wa karanga wa Waingereza, uliokula mamilioni ya pauni ukazaa majani? Ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu. Wataalamu walikuja na familia, na familia zina watoto, basi Kongwa ikawekwa shule ya Wazungu. Angalia walipoiweka: Kongwa. Urambo ilipata matrekta na visiki. Mradi ulipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule iliendelea kujikongoja hadi 1958, kisha ikahamia Iringa kwenye majengo mapya na jina la watakatifu wawili, Mikaeli na Georgi. Majengo hayo baadaye yakawa Mkwawa High School, na leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, Mkwawa. Mtu anayesomea ualimu Iringa leo anakaa kwenye mabweni ambayo mbegu yake ni karanga zilizoshindwa kuota.

Ndipo nilipoanza kuona mfumo. Shule ya aina hii haifuati idadi ya watoto wala kiu ya elimu. Inafuata mgeni mwenye mshahara wa nje ambaye hataki mwanawe apoteze mwaka atakaporudi kwao. Mgeni akija na familia, shule inaota. Mgeni akija peke yake, au akimpeleka mtoto bweni mbali, hakuna kinachoota.

Uhuru ulipofika, sheria mpya ya elimu ikaanza kutumika mwaka 1962 na kufuta shule za rangi. Mwaka uliofuata, 1963, Dar es Salaam ikapata International School of Tanganyika. Mimi nasoma hizo tarehe mbili pamoja. Mabalozi na wataalamu wapya walikuwa wanamiminika Dar, shule ya "Wazungu" haikuwezekana tena kisheria wala kwa aibu, ikapatikana shule ya "kimataifa". Sisemi ilikuwa hila. Kulikuwa na watoto wa Kiswidi, Wamarekani, Wahindi, Wayugoslavia, wanahitaji darasa moja. Lakini mlango ulikuwa ada, na ada ni rangi yake nyingine. Mpaka leo ada yao hutajwa kwa dola, na kwa sekondari inapita dola 20,000 kwa mwaka. Piga kwa shilingi mwenyewe ukiwa umekaa.

---

Asali ya Sikonge

"Mradi ukazaa majani" 😂😂 Urambo walipata tumbaku baadaye lakini, tusiwe wachoyo wa shukrani.

Na wasichana mbona hamuwataji? Tabora Girls nayo ni ya zama hizohizo. Mama yangu alisoma pale. Kila mkikaa ni Boys, Boys, Boys.

---

Mwana Unyanyembe

Dada Asali nimekosa, nimepiga magoti. Ukimpata mama akasimulia, uzi huu uko wazi.

---

Mtoto wa KCMC

Nimesoma hapo kwa mgeni na mshahara nikacheka peke yangu kwenye daladala. Mzee wangu alikuwa dereva KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, miaka ya mwanzo kabisa. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, lakini International School Moshi ilianza mwaka 1969, yaani shule ilitangulia hospitali! Mzee alikuwa anatuambia: "Daktari wa Kizungu hamalizi kusaini mkataba kabla mkewe hajauliza mtoto atasoma wapi." Bila shule wasingekuja, na bila hao hospitali ingekuwa kuta.

Ndipo ikakua kuliko hospitali ilivyotarajia. Bweni likaongezwa, watoto wakaanza kutoka nchi nyingine, na miaka ya 1970 ikawa miongoni mwa shule za kwanza Afrika kufundisha IB. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakafungua tawi Arusha. Mwaka 2019 wakaingia kwenye familia ya United World Colleges, sasa inaitwa UWC East Africa. Hizo UWC zilianzia Wales mwaka 1962, kwenye ngome ya zamani ufukweni, wazo la Mjerumani Kurt Hahn aliyemkimbia Hitler. Aliamini vijana wa mataifa yaliyopigana vita wakikaa bweni moja miaka miwili hawatapigana tena. Sina hakika na hilo maana mimi na mdogo wangu tulikaa chumba kimoja miaka kumi na tano.

Jambo la maana kwa wazazi wa humu: UWC wana ufadhili, na kijana wa Kitanzania wa familia ya kawaida anaweza kuomba na kuchaguliwa. Ule mlango wa ada aliousema mkuu hapo juu una kitasa kwa ndani.

---

Bando Kidogo

IB ndiyo nini? Nimenunua bando.

---

Mtoto wa KCMC

Karibu tena mkuu. Ni programu ya Baccalaureate ya Kimataifa. Ilianzishwa Geneva mwaka 1968. Huko Geneva kuna shule ya kimataifa tangu 1924, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Tatizo lao lilikuwa hili: mtoto wa Kifaransa anataka kurudi chuo Ufaransa, wa Kiingereza anataka Uingereza, wa Kimarekani Marekani, na kila chuo kinataka mtihani wa kwao. Mwalimu mmoja darasani anafundisha mitihani minne. Ndipo wakatunga mtihani mmoja ambao vyuo vyote vingeutambua.

Miaka miwili ya mwisho mwanafunzi anachukua masomo sita, anaandika insha ya utafiti ya maneno 4,000, anasoma somo la kujiuliza tunajuaje tunachokijua, na anafanya kazi za jamii na michezo. Alama za juu kabisa ni 45, kufaulu kwa kawaida kunaanzia 24. IGCSE ya Cambridge ni nyingine, hiyo ni ya ngazi ya kama kidato cha nne, mitihani yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1988.

---

Mwalimu wa Chaki

Insha ya maneno 4,000! Wangu wa kidato cha sita nikiwaambia kurasa tatu wananiuliza kama kuna uhai baada ya hapo.

Lakini naomba kusema jambo. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilipokuja mwaka 1967, kisha serikali ikataifisha shule za mashirika ya dini mwaka 1969, tuliambiwa mtoto wa waziri na wa mkulima watakaa dawati moja. Na kwa muda walikaa. Mimi nilikaa na mtoto wa mkuu wa mkoa, alikuwa akiniomba viazi vyangu. Shule za kimataifa zilikuwa kisiwa cha wageni, sisi hatukuzifikiria. Mambo yaligeuka vitabu vilipoisha madarasani miaka ya 1980, mzazi mwenye uwezo akaanza kumpeleka mtoto Kenya na Uganda. Mabasi yalijaa watoto na masanduku ya bati. Ndipo sera ya elimu ya mwaka 1995 ikafungua mlango mpana kwa shule za watu binafsi, na zile za msingi za Kiingereza zikachipua kama uyoga.

Hapo ndipo neno lilipoteleza, Mwana Unyanyembe. Mzazi aliyekuwa akimpeleka mtoto Nairobi au Kampala hakuwa akitafuta Cambridge. Alitafuta Kiingereza na mwalimu anayeingia darasani. Mwenye shule akamsoma, akamwandikia bango.

---

Mwana Unyanyembe

Mwalimu, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta nisikipate. Neno lilianza kama jina la mtaala na mtihani, likaishia kuwa jina la lugha. Asante sana.

Sasa nije kwa Tabora na Kigoma kupitwa. Mwanza wana Isamilo, shule yenye historia inayorudi miaka ya 1950, na kwa mtu wa Tabora ndiyo ya karibu zaidi ya aina hiyo. Sisi tulikuwa na reli tangu 1912, na Kigoma ilifikiwa mwaka 1914. Tulikuwa na makutano, karakana, wamisionari kila upande, Wamoravian Sikonge, Waswidi wa Kipentekoste Nkinga, mapadri wa White Fathers tangu enzi za misafara. Wageni tulikuwa nao tele! Kwa nini hakuna shule ya namna hiyo iliyoota?

Jibu langu, na mtanipinga: wamisionari waliishi kwa kutawanyika, familia mbili Nkinga, moja huko, na mtoto akifika miaka saba alipelekwa mbali. Kenya kuna Rift Valley Academy pale Kijabe, ipo tangu 1906, ya watoto wa wamisionari, na Theodore Roosevelt ndiye aliyeweka jiwe la msingi la jengo lake kuu mwaka 1909. Mapadri, kwa sababu zinazojulikana, hawakuhitaji shule ya watoto wao. Na mabwana wa reli walihamishwa kila baada ya miaka miwili. Hakukuwa na watoto thelathini wa kigeni wa umri wa shule kwenye mji mmoja kwa miaka kumi mfululizo. Moshi walikuwepo kwa sababu ya hospitali moja. Kwetu hawakuwepo.

---

Kigoma Mwisho wa Reli

Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Sasa mmeitaja Kigoma, lazima niseme, na nitawaudhi.

Kwanza kukuunga mkono: Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960. Mwanawe alikulia hukohuko msituni na ufukweni, anaongea Kiswahili cha wavuvi. Umri wa shule ulipowadia alipelekwa Uingereza kwa bibi yake. Mgeni maarufu kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na hakutuachia darasa. Alituachia sokwe mashuhuri. Simlaumu, ni vile ulivyosema, mtoto mmoja hafanyi shule.

Pili, hapa ndipo ninapokupinga. Umeuliza kwa nini shule ya kimataifa haikuota Kigoma. Mimi nasema ziliota, nyingi, na nyinyi hamzihesabu.

Nimefanya kazi Kasulu miaka sita kwenye mashirika. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia Kivu ya Kusini. Kuanzia 2015 wakaja Warundi, kukawa na Nduta na Mtendeli pia upande wa Kibondo na Kakonko. Ndani ya kambi kuna shule. Wakongo wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na mtihani wa mwisho ni wa serikali ya Kongo. Warundi walikuwa wakisoma mtaala wa Burundi. Kwa nini? Kwa sababu ileile iliyoleta shule ya Moshi: mtoto asipoteze mwaka atakaporudi kwao.

Haya niambieni. Mtaala wa nje, upo. Mtihani wa nje, upo. Walimu na wanafunzi wageni, wapo. Lugha ya kigeni, ipo. Chini ya Umoja wa Mataifa, ndiyo. Kitu gani kimekosekana isipokuwa bwawa la kuogelea na bango?

Nimemwona mwalimu wa Kikongo anafundisha vitenzi vya Kifaransa kwa watoto zaidi ya mia chini ya turubai, mvua ikianza anapaza sauti, mvua ikizidi anaandika tu ubaoni na watoto wanafuata kwa macho. Dada yako wa Ipuli akiuliza international ni nini, mlete Makere, jirani na kambi, nimwonyeshe.

---

Asali ya Sikonge

Nimesoma mara mbili.

---

Mtoto wa KCMC

Mkuu wa Kigoma umenipiga. Sina la kujibu isipokuwa moja dogo: shule ya kimataifa mzazi anaichagua. Kambini hawakuchagua.

---

Kigoma Mwisho wa Reli

Unafikiri mtoto wa balozi alichagua? Baba kahamishwa, mtoto kafungashwa. Tofauti ni nani kalipa nauli.

---

Fundi Cherehani wa Kanyenye

Na Ulyankulu je? Hao ni wa kwetu Tabora. Warundi wa 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, Kiswahili toka darasa la kwanza. Nimeoa huko. Mke wangu kazaliwa mkimbizi, kafanya mtihani wa darasa la saba wa NECTA, kacheza netiboli ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, na mwaka 2010 serikali ilipoanza kuwapa uraia wale zaidi ya 160,000 alikuwa miongoni mwao. Kirundi chake kibovu kuliko changu, na mimi sikijui.

Kwa hiyo mtaala unasema mengi. Wa 1972 walifundishwa kama watu watakaobaki. Wa Nyarugusu wanafundishwa kama watu watakaoondoka. Ukitaka kujua serikali inamfikiriaje mgeni, angalia daftari la mwanawe.

---

Mwalimu wa Chaki

Fundi, umekosea kazi. Ungekuwa mwalimu.

---

Mwana Unyanyembe

Nimetoka nikazunguka nyumba nikarudi. Nilianzisha uzi nikidhani nina jibu, na sasa naona nilichora ramani nikasahau wilaya tatu. Mkuu wa Kigoma, nakubali kwa kauli yako. Kuanzia leo kwangu swali ni moja: mtoto anaandaliwa kwa mtihani wa nani, ili aende wapi? Mengine ni rangi ya ukuta.

Kwa wazazi walionitumia ujumbe pembeni wakiuliza wafanye nini kabla ya kulipa, nawajibu hapa mara moja. Uliza shule: mtoto atafanya mtihani wa baraza gani, na shule yenyewe ni kituo cha mtihani huo au atapelekwa kwingine? Kama ni Cambridge au IB, usiishie kwenye neno lao, maana mabaraza hayo yana orodha za shule zilizosajiliwa na mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye tovuti zao. Kama ni NECTA, basi ni shule ya Kiingereza ya mtaala wa taifa, inaweza kuwa nzuri sana, ila wewe uilipe bei ya hicho ilicho. Na mwenye mtoto kwenye mtaala wa nje ajue kwamba akitaka chuo kikuu hapa nyumbani, au mkopo wa Bodi ya Mikopo, matokeo yatapitia NECTA kulinganishwa kwanza. Ni hatua ya kawaida ila ukiigundua wiki ya mwisho ya maombi utalia.

---

Bando Kidogo

Kwa hiyo dada yako kafanyaje? Bando limebaki kidogo.

---

Mwana Unyanyembe

Alienda shuleni na karatasi ya maswali niliyomwandikia. Mwalimu mkuu alikuwa muungwana, hakumzungusha. Akasema mtihani ni wa NECTA, vitabu ni vya Taasisi, walimu wanajitahidi, na neno lile mwenye shule alilikuta kwenye shule ya rafiki yake mkoa mwingine akalipenda. Dada akauliza kama litaondolewa. Akaambiwa bango liligharimu pesa nyingi.

Mtoto kamwacha palepale. Anasema mwalimu wa hesabu ni mzuri na mtoto kashaanza kupata marafiki, na Mwanza hana pa kumfikishia kwa mshahara wa muuguzi. Juzi alienda kwa babu, yaani nyumbani kwa marehemu babu pale Isevya, akakifungua kile cheti kwenye nailoni akamwonyesha mwanawe. Mtoto kasoma kwa sauti jina la Cambridge, akauliza, "Babu alisoma international?"

Dada akamwambia amuulize mjomba.

---

Asali ya Sikonge

Nimempata mama kwa simu. Yuko tayari kusimulia ya Tabora Girls, ila anasema kwanza nimtafutie miwani. Nitaanza kuandika Jumamosi hapahapa, msiufunge uzi.